Balozi Apumzike, Kijana Aseme

   

Katika kipindi chetu cha redio leo ninaanza na ujumbe wa mama mmoja wa Tanga. Binti yake alipata nafasi ya kwenda kusoma Marekani kwa mwaka mmoja akiwa sekondari, kupitia programu inayojulikana kama YES. Alikwenda, akarudi salama, akamaliza shule, na sasa anaomba kujiunga na vyuo vikuu vya hukohuko. Ameambiwa aandike insha inayomhusu. Mama anasema: "Ameandika habari za ile programu, akafuta, akaandika tena. Akinisomea nasikia Kiingereza kizuri, lakini insha haina ladha. Programu ni kubwa, ya serikali ya Marekani, watoto wengi waliiomba wakakosa. Inakuwaje insha ya jambo kubwa namna hii ipooze?"

Mama, ahsante kwa swali. Nitalijibu kwa ufupi kwanza, halafu tulifungue taratibu. Insha imepooza kwa sababu programu imo yote, na binti hayumo. Nitalirudia hili mara kadhaa leo, mnivumilie: programu imo, binti hayumo.

Kwa ambao hawajasikia habari zake, YES ni programu ya kubadilishana wanafunzi inayogharamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ilianzishwa Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa nia ya kuwakutanisha vijana wa nchi zenye Waislamu wengi na familia za kawaida za Kimarekani. Inabeba majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy wa Massachusetts na Richard Lugar wa Indiana. Mmoja alikuwa wa chama cha Democratic, mwingine wa Republican, na wote wawili sasa ni marehemu. Kwetu huku imewachukua watoto wa Tanzania na wa Kenya. Mwanafunzi anaishi na familia mwenyeji, anasoma sekondari ya mtaa ule, anajitolea katika kazi za jamii, na mwaka ukiisha masharti yanamtaka arudi nyumbani.

Ni nafasi ya heshima, hilo halina ubishi. Mtoto akichaguliwa, mtaa mzima unajua. Shuleni anatajwa paredi. Mjomba ambaye hajapiga simu tangu mwaka jana anapiga. Kwa hiyo ni rahisi kuelewa kwa nini binti yetu, akikaa mbele ya karatasi, jambo la kwanza linalomjia ni jina la programu.

Lakini hebu tutazame maombi yenyewe yalivyo. Vyuo vya Marekani zaidi ya elfu moja hupokea maombi kupitia mfumo mmoja wa mtandaoni uitwao Common App. Ndani yake kuna sehemu ya shughuli za mwombaji. Hapo una nafasi kumi, na maelezo ya kila shughuli hayatakiwi kuzidi herufi 150, pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Ni kidogo sana, kama ujumbe mfupi wa simu. Kisha, mbali kabisa na orodha hiyo, kuna insha: isipungue maneno 250, isizidi maneno 650.

Umeona, msikilizaji? Programu ina mahali pake tayari. Jina lake linakaa kwenye orodha ya shughuli. Ofisa wa udahili akifika kwenye insha, ameshajua kwamba huyu ni kijana aliyechaguliwa, akasafiri, akasoma mwaka mzima ugenini. Sasa ukitumia maneno 300 kati ya yale 650 kumweleza jinsi usaili ulivyokuwa mgumu, waombaji walivyokuwa wengi, na ulivyolia kwa furaha siku jina lako liliposomwa, unamrudishia alichokwisha kukisoma. Umebakiwa na nusu ya insha, na wewe mwenyewe bado hujaingia mlangoni.

Na kwenye ile orodha, vijana wangu, andikeni vitendo. Ukiandika "nilikuwa balozi wa utamaduni wa nchi yangu," hujasema kitu. Andika ulichofanya kwa mikono yako: nilieleza maisha ya Tanga katika madarasa ya shule ya msingi, nilipika chapati na wanafunzi, nilipanga chakula cha msaada kila Jumamosi. Hapo msomaji anakuona.

Hilo neno balozi nimelitaja kwa makusudi, maana ndipo penye kiini cha tatizo.

Kijana anayekwenda kwa programu ya aina hii anaandaliwa. Anaambiwa tangu siku ya kwanza: wewe ni balozi. Unaibeba bendera. Watu watakaokutana nawe huenda hawajawahi kumwona Mtanzania, huenda hawajawahi kuzungumza na Mwislamu, kwa hiyo jinsi utakavyojibu ndivyo watakavyotujua sisi sote. Mwezi wa Novemba kuna Wiki ya Elimu ya Kimataifa, na vijana hawa wanasimama mbele ya madarasa na picha za Kilimanjaro, kanga, pilau na mbuga za wanyama, wanaeleza. Ni kazi njema, na wengi wanaifanya vizuri mno. Lakini mwaka mzima mtoto wa miaka kumi na sita amezoezwa kusema "sisi". Sisi tunakula hivi. Sisi tunasalimiana hivi. Kwetu wazee wanaheshimiwa. Sauti ile inamkaa. Anarudi nyumbani nayo, anakaa kuandika insha nayo, na insha inatoka kama hotuba ya mgeni rasmi.

Chuo hakimdahili balozi. Chuo kinamdahili mtu mmoja, mwenye jina moja, atakayekaa darasani kwao miaka minne. Wanataka kujua akiulizwa jambo asilolijua anafanya nini. Akishindwa anafanya nini. Kitu gani kinamkosesha usingizi. Hayo balozi hawezi kuyajibu, hata awe hodari vipi.

Nitawapa mfano. Kuna binti wa Mombasa niliyekaa naye akiandika insha yake, na ameniruhusu kuisimulia bila kutaja jina. Alikuwa amepelekwa mji mdogo wa Nebraska. Insha yake ya kwanza ilianza hivi: "Kuchaguliwa kuiwakilisha nchi yangu ni heshima kubwa niliyopewa maishani." Ikaendelea na uwanja wa ndege, theluji, safari ya Washington, majengo ya Bunge la Marekani, na mwishoni ikasema kwamba binadamu wote ni sawa. Yote kweli. Lakini ningeweza kufuta jina lake nikaandika la mwenzake aliyekwenda mwaka uliotangulia, na hakuna ambaye angegundua.

Katikati ya insha ile kulikuwa na sentensi moja fupi, imepita haraka: Ramadhani ilikuwa ngumu lakini familia mwenyeji ilinielewa. Nikamsimamisha hapo. Nikamuuliza: ilikuelewa vipi? Nani hasa? Mlikuwa wapi? Saa ngapi?

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusimulia, kwa Kiswahili cha nyumbani. Mama wa ile familia alikuwa mwokaji mikate. Kila siku aliamka saa kumi alfajiri awahi kazini. Binti naye, Ramadhani ilipoingia, akawa anaamka saa hiyohiyo kula daku. Mchana hawakuonana, maana mama akirudi binti yuko shule, na usiku mama analala mapema. Kumbe walikuwa wameishi miezi saba katika nyumba moja bila kukaa pamoja, wawili peke yao. Sasa wakajikuta jikoni, taa ndogo ya juu ya jiko imewaka, watu wengine wamelala. Binti anakula mkate na siagi ya karanga, na yai la kuchemsha. Mama anakunywa kahawa amesimama, viatu vya kazi mkononi ili asiwaamshe watu.

Siku ya tatu au ya nne mama akauliza: "Hata maji hunywi?" Hata maji. "Kwa nini?" Binti akajibu kama alivyozoea kujibu darasani: sisi Waislamu hufunga ili tuwakumbuke wenye njaa na tujifunze subira. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na wewe? Wewe unafunga kwa nini?"

Wasikilizaji, binti akakosa jibu. Aliniambia hivi: "Mwalimu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nyumbani kila mtu anafunga."

Mama alipotoka, binti akapiga simu Mombasa kwa bibi yake. Nebraska ni alfajiri, Mombasa ni saa sita mchana. Akamuuliza: bibi, wewe ulianza kufunga kwa nini? Bibi akacheka, akamwambia ukweli: nilikuwa mdogo, nilitaka kukaa na wakubwa kwenye futari, na asiyefunga hakuwekewa nafasi mkekani. Hayo mengine ya subira, bibi akasema, yalikuja baadaye, yenyewe.

Basi binti akachukua daftari. Kila alfajiri akawa anaandika sababu moja ya kufunga siku ile, ya kwake mwenyewe, bila kunakili ya mtu. Siku nyingine sababu ilikuwa kubwa. Siku nyingine ilikuwa ndogo kabisa. Alinionyesha ukurasa mmoja umeandikwa: leo nafunga kwa sababu jana nilifunga. Na siku nyingine hakujua, akaacha mstari mtupu.

Nikamwambia: insha yako ndiyo hii. Akashangaa. Akasema, lakini hapa sijafanya kitu, hapa sijui jibu! Nikamwambia, ndiyo hasa. Hapa naona mtu aliyeulizwa swali, akakubali kwamba jibu alilonalo ni la kuazima, akaenda kulitafuta la kwake, tena kwa bidii, siku baada ya siku, bila kulazimishwa na yeyote. Chuo kinamtafuta mtu huyo. Insha yake ya mwisho ilianzia jikoni saa kumi alfajiri. Jina la programu lilitajwa mara moja tu, kwa kupita. Bunge la Marekani halikuwemo.

Programu ni basi lililokufikisha. Anayekuuliza habari za safari hataki kusikia rangi ya basi.

Sasa najua kuna wazazi na walimu wanaosema: lakini sisi tumewafundisha watoto wasijisifu. Mtoto aliyelelewa vizuri hasemi mimi, mimi, mimi. Ni kweli, na sitaki tuyaache malezi hayo. Lakini tazameni insha ya yule binti wa Mombasa. Amejisifu wapi? Amesimulia alipokwama. Amemtaja mwokaji mikate aliyemuuliza swali zuri, na bibi aliyemjibu kwa ukweli. Kujieleza ni kitu kingine, na majivuno ni kitu kingine. Kusema kweli, ile insha ya kwanza, ya heshima kubwa na kuwakilisha nchi, ndiyo iliyokuwa na majivuno ndani yake, ingawa ilivaa nguo za shukrani.

Kuna pia suala la tulivyofundishwa insha shuleni. Kenya mwanafunzi wa sekondari anapewa methali atunge kisa kinachoithibitisha. Tanzania tunasisitiza utangulizi, kiini na hitimisho. Watoto wanakariri mapambo ya alfajiri, jogoo akiwika na jua likichomoza, kwa sababu mapambo yanampendeza mtahini. Siwalaumu walimu hata kidogo, mtihani unataka hivyo. Ila kijana wangu, ukiandikia vyuo hivi, anza palepale jambo linapotokea. Hakuna anayekusubiri upambe. Na ukimaliza kusimulia, usiongeze aya ya kusema "jambo hili lilinifunza kwamba." Kama limo, limo.

Jaribio dogo kwa mtu aliyekwisha kuandika. Chukua insha yako, funika jina. Mpe mtu anayekujua vizuri, dada yako au rafiki wa darasani, aisome. Muulize: huyu ni nani? Akikujua kwa namna unavyofikiri, nzuri. Akisema "ni mtu yeyote aliyekwenda Marekani," rudi ukaandike. Kama programu imo na wewe humo, yeye atakuwa wa kwanza kuona.

Je, mambo magumu yaandikwe? Vijana wengi wananiuliza hili kwa sauti ya chini. Wapo waliobadilishwa familia mwenyeji katikati ya mwaka kwa sababu hawakuelewana. Wapo walioambiwa maneno mabaya shuleni kwa ajili ya rangi au hijabu. Wapo waliorudi nyumbani wakakuta wenzao wametangulia darasa, wakakaa na wadogo. Wanaogopa kuandika kwa sababu wamefadhiliwa, na anayefadhiliwa anaona haya kulalamika.

Maoni yangu ni haya. Unaweza kuandika ugumu bila kumhukumu mtu. Waliokulisha mwaka mzima, hata kama mlishindwana, usiwaanike. Andika wewe ulifanya nini katika ugumu ule, ulifikiri nini, uligeuka vipi. Na kama jeraha bado bichi, liache. Una haki ya kuliweka moyoni. Hakuna chuo kinachostahili kulipwa kwa machozi yako, na insha nzuri inaweza kutoka jikoni, au kwenye kituo cha basi la shule, mahali ambapo hakuna aliyeumia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linanisumbua sana. Kuna watu watakaokuambia: lete fedha, tukuandikie. Tunajua huko Nairobi kuna vijana hodari wanaojipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao, basi mzazi anaona si ajabu. Na siku hizi kuna programu za kompyuta zinazoandika insha nzima kabla chai haijapoa. Mzazi mwenzangu, usikubali. Common App inahesabu kazi iliyoandikwa na akili bandia na kuwasilishwa kama ya mwombaji kuwa ni udanganyifu, sawa na kazi ya kunakili. Hiyo ni hatari moja. Lakini mimi nina sababu nyingine. Mwandishi wa kulipwa hakuwepo jikoni Nebraska. Hajui kuhusu viatu vilivyoshikwa mkononi. Ataandika yale yale ya heshima kubwa na binadamu wote ni sawa, na mtoto wako ataombewa nafasi na insha ambayo, kwa mara nyingine, yeye hayumo.

Mama wa Tanga, wewe una kazi moja nzuri ya kufanya, na haihitaji Kiingereza. Mkalishe binti jioni, mkimenya viazi au mkichambua mchele. Mwambie akusimulie ule mwaka kwa Kiswahili, na simu yake iwe inarekodi sauti pembeni. Wewe uliza tu kama mama anavyouliza. Nani alikuwepo? Ukajibu nini? Ulikuwa umevaa nini? Ukalala saa ngapi siku hiyo? Akianza kusema "sisi", mrudishe: wewe je? Pale utakapoona ameacha kumenya, mkono umesimama, anatafuta maneno, hapo pana kitu. Kesho asikilize ile sauti, aandike kwa Kiingereza. Nimeona vijana wengi wakisimulia kwa Kiswahili mambo mazito ambayo hawakuyakaribia kabisa walipoanza moja kwa moja kwa Kiingereza.

Mwalimu wa Kiingereza asaidie kusahihisha, hilo ni sawa. Arekebishe sarufi, asibadilishe sauti. Akitia maneno makubwa ambayo binti hayatamki, yaondolewe.

Kabla hatujaachana, kijana mmoja wa Korogwe ameuliza, na swali lake limenigusa. Anasema aliomba nafasi ya YES, akafika hatua ya usaili, akakosa. Rafiki yake akapata. Sasa wote wawili wanaomba chuo, na yeye anaona amekwisha kushindwa kabla hajaandika mstari. Alibaki nyumbani, anamsaidia shangazi yake dukani na kuweka hesabu za wadeni.

Kijana wangu, nisikilize. Umekuwa ukisikiliza kipindi hiki tangu mwanzo? Insha iliyonigusa leo imetokea jikoni, kati ya watu wawili na swali moja. Wewe una daftari la wadeni wa mtaa mzima. Unajua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hukimbia, na unajua siku shangazi alipomkopesha mtu ambaye wewe ungemnyima. Ulimuuliza kwa nini? Alikujibu nini? Ulikubaliana naye? Hebu kaa uandike hayo. Rafiki yako ana programu kwenye orodha yake ya shughuli, na ameistahili. Kwenye insha mnaanza pamoja.

Mwenye kutaka ushauri zaidi, ofisi za EducationUSA zilizo chini ya balozi za Marekani, ikiwemo Nairobi na Dar es Salaam, zinatoa ushauri bila malipo. Mfumo wa Common App hufunguliwa kila mwaka tarehe 1 Agosti. Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema tarehe 1 Novemba, na ya kawaida siku za mwanzo za Januari, ila kila chuo kina tarehe yake, kwa hiyo angalieni wenyewe. Msingoje mpaka Oktoba kuanza kusimulia.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumzia barua ya mwalimu: umwombe mwalimu yupi, na umwombe lini. Mama wa Tanga, tutumie ujumbe mwingine ukishazungumza na binti.